Swali la Tusekile

Aliuliza usiku, Juni, ukungu umelala Uyole
mpaka taa za barabara zikawa viini vya mayai:
"Samahanini wakubwa. Nimepokea barua pepe
yenye ankara ya mbolea ambayo hatukuagiza.
Niifungue nione, au nisiifungue?"

Wakubwa tulikuwa tunagombana.
Siku ya tatu hiyo, mimi na Nsajigwa wa Mafiat,
kama neno la siri libadilishwe kila mwezi
au livundikwe likomae kama ndizi.
Yeye ananiita fundi wa chaja.
Mimi namwita profesa wa vyeti vya kupakua.
Watu mia mbili na kumi kwenye kundi
wanatutazama kama watazamao majogoo.

Swali lake likaanguka katikati yetu
kama mgeni aliyekosea nyumba akaingia matangani.

Nami nilimjibu. Nakumbuka nilivyomjibu,
maana kuna vitu simu hufuta na kichwa hakifuti:
"Dada, hapa si chekechea. Soma kwanza
ujumbe uliobandikwa juu, ndipo ufungue mdomo."
Vidole gumba thelathini na saba vilinipongeza.
Nilivihesabu. Nilivihesabu mara mbili
ndani ya blanketi, chai ya tangawizi inapoa.

Tusekile akaandika: "Asante."
Basi. Na nukta.

Na sisi ndio tunaojua mlango ni nini!
Kwetu Rungwe, hata ukienda kudai deni
unasimama uani, unabisha hodi,
unangoja mtu amalize kutafuna,
unaulizwa habari za ng'ombe,
ndipo unataja fedha yako.
Hata tundu tukiliona kwenye mfumo wa mtu
tuna kanuni: mwambie mwenyewe kwanza, faraghani,
mpe siku azibe, ndipo utangaze.
Kanuni nzuri. Niliiandika mimi,
kwa nukta na mabano.
Sikuandika popote kwamba aibu nayo ni tundu,
na aliyetobolewa hadharani
harudi kubisha.

Jumatatu ya wiki ya pili nikaitwa Isongole,
ofisi ya ushirika wa viazi.
Kompyuta moja, kitambaa cha kufuma juu yake,
na kwenye kioo maandishi mekundu yakidai fedha
kwa lugha yenye adabu kuliko yangu.
"Tafadhali." Waliandika tafadhali, wezi wale.
Daftari la wakulima mia nne,
nani kaleta magunia mangapi, nani hajalipwa,
limegeuka herufi zisizosomeka.

Karani akanivutia kiti, akakifuta kwa upindo wa kanga.
Akanimiminia chai. Hakujua mimi ni yupi;
kule najiita Kitasa.
"Niliuliza kwanza," alisema, "mahali fulani.
Wenyewe walikuwa na shughuli."

Nsajigwa alikuja na diski yake, matope hadi magotini,
hakuniita kitu. Tukaokoa hadi Machi.
Yaliyobaki tuliyachapa kutoka kwenye risiti
walizoleta wazee, zimeviringishwa kwenye nailoni,
nyingine zikinuka moshi wa jikoni.
Tusekile anasoma jina, mimi nabonyeza:
Mwakibete, magunia tisa. Mwaisaka, manne na nusu.

Karibu na magharibi akauliza, macho kwenye karatasi:
"Hivi neno la siri, libadilishwe kila mwezi?"

Mimi na Nsajigwa tukatazamana.
Ukungu ulishafika dirishani.
"Inategemea," alisema mmoja wetu,
taratibu, kama anayevua viatu kizingitini.

Nikafungua kinywa nitaje jina langu la kule.

"Mwasomola," akasoma. "Magunia sita."

Nikaandika sita.